Mlolongo wa Mzee Pakacha

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeamua. Mabishano yametosha. Miezi mitatu soko zima la Tulia linagombana ni nani mhusika bora katika Ploti Nambari Tisa, ile katuni ya vichekesho ya kila Alhamisi jioni. Jibu liko wazi. Ni Mzee Pakacha, mlinzi wa ploti, anayerekebisha kila kitu kwa kamba na hakuna kinachopona. Mulei kinyozi anasema ni Bi Ndimu, yule ajuza wa chumba cha kwanza ambaye hajawahi kushindwa kwa maneno. Mulei hana akili. Pia ana runinga kubwa kuliko yangu, lakini hilo halihusiani.

Nimependekeza kura ya mlolongo, Jumamosi saa nne asubuhi. Kila mtu asimame nyuma ya picha ya mhusika wake, ahesabiwe, tumalize. Mikail mwenye stoo ya nafaka ndiye atakayehesabu. Yeye haitazami hiyo katuni, na tena ni mtu wa Mwingi, hana upande. Mwenyekiti wa Pakacha ni mimi, Kivuva, fundi simu. Nimejiteua.

Jioni nimetuma hotuba kwenye grupu ya WhatsApp ya mashabiki. Nimeandika kwamba Bi Ndimu ana ulimi wa pilipili, kwamba mwanamume aliyezaliwa na mama kama huyo anastahili pole, na atakayeoa mjukuu wake anastahili pole mara mbili. Watu ishirini na mmoja wamecheka. Mmoja mwenye picha ya ng'ombe amesoma na kunyamaza. Hao wa kunyamaza ndio nitakaowashawishi.

Jumanne, 9 Septemba

Akili yangu inanitisha. Kura itapigwa katika uwanja ulio kati ya stoo ya Mikail na kisiagi cha unga. Mlolongo mmoja ukutani kwa stoo, mwingine ukutani kwa kisiagi, watu wakitazamana. Leo saa nne nimekwenda kupima. Kwa stoo kuna kivuli kizuri, hatua tatu nzima. Kwa kisiagi ni jua tupu, hata kuku wamepakimbia.

Nimebandika picha ya Pakacha kwa stoo. Ya Bi Ndimu nimeibandika kwa kisiagi, kwa gundi nyingi, kwa heshima. Nani wa Tulia atasimama juani mwezi wa Septemba kwa ajili ya katuni? Mulei amekuja, ametazama, amesema sawa. Hakuona kitu! Nimemhurumia kidogo.

Jumatano, 10 Septemba

Nimekwisha.

Kanyiva, mchumba wangu, amekuja kwa kibanda changu bila kunisalimia. Amekaa kwenye kiti cha wateja akaniuliza kama ninajua yule mwenye picha ya ng'ombe ni nani. Nikasema ni shabiki. Akasema ni baba yake.

Mzee Nyamai! Mzee wa kanisa, mtu nisiyeweza kumwazia akitazama katuni. Kumbe hukosa maombi ya Alhamisi kwa sababu ya Bi Ndimu. Kanyiva anasema Bi Ndimu ni marehemu mama wa baba yake mtupu: sauti, kilemba, hata namna ya kushika kiuno. Na Kanyiva mwenyewe, kama ilivyo kwetu Wakamba, ndiye aliyepewa jina la huyo nyanya. Baba yake hadi leo humwita mwaitu, mama yangu, na humwamkia kwa adabu.

Kwa hiyo nimemtukana mama wa mkwe wangu. Nimemtukana pia mchumba wangu, ambaye ndiye huyo huyo mama. Halafu nikampa pole mwanamume atakayemwoa, ambaye ni mimi.

Ntheo yangu, yaani kupeleka mbuzi wa posa, ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mbuzi watatu wako tayari, na bila mbuzi hao kuingia boma la mzee, mimi na Kanyiva ni marafiki tu. Mzee amemwambia atakuja kwenye kura aone ninasimama wapi, kisha ndiyo aamue kama mbuzi wangu wataingia au watarudi walikotoka. Nimeuliza kama ninaweza kuugua siku hiyo. Kanyiva amesema niugue nione.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimejaribu kujiuzulu uenyekiti. Wafuasi wamekataa. Kyule wa kisiagi amesema hajawahi kuona mtu mnyenyekevu kama mimi, na ameleta watu sita zaidi. Nimefuta hotuba kwenye grupu. Mulei alikuwa ameihifadhi, ameituma tena na kuandika chini yake jina langu kamili.

Ijumaa, 12 Septemba

Wazo! Siwezi kumwacha Pakacha hadharani, lakini ninaweza kumshindisha Bi Ndimu kimyakimya. Leo mchana, soko likiwa limepoa, nimebadilisha picha. Bi Ndimu sasa yuko kwa stoo, kivulini. Pakacha yuko kwa kisiagi, juani. Nitasimama mbele ya mlolongo wangu mfupi, nishindwe kishujaa, mzee afurahi kivulini, yaishe. Mikail ameniona nikibandua. Nimemwambia ni mambo ya mwanga. Amesema yeye anahesabu vichwa tu.

Jumamosi, 13 Septemba

Niandike kwa utaratibu, nisiruke kitu.

Saa nne hapakuwa na mtu. Soko zima lilikuwa mazishini kule Kabati. Nani hupanga kura Jumamosi asubuhi Ukambani? Mimi. Walirudi baada ya kuzika na kula, saa tisa, wakiwa wameshiba na wamechoka, wakitafuta pa kuegemea. Na saa tisa kivuli hakiko kwa stoo. Kiko kwa kisiagi, kwa Pakacha! Siku ya kupima nilipima saa nne, nikaenda zangu. Kumbe jua nalo huhama.

Walikuja kwangu kama mbuzi wanaoingia zizini. Mama wa mboga. Vijana wa bodaboda. Hata wateja watatu wa Mulei wenye vichwa vilivyonyolewa nusu. Mlolongo ulifika choo cha soko. Ng'ambo, juani, alisimama Mulei, na nyuma yake watu saba, na wa mwisho alikuwa Mzee Nyamai. Kofia mkononi, maana picha ya mama yake ilikuwa mbele. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola. Ananitazama. Mimi niko kivulini, mbele ya watu sitini, nikimshinda mkwe wangu na marehemu mama yake.

Sikufikiri. Naapa sikufikiri, na huenda ndiyo maana jambo lilifaulu. Nilikimbia kwa kibanda changu, nikaung'oa ule mwavuli mkubwa ninaokaa chini yake, nikavuka uwanja nao hadi kwa mzee, nikamfunika. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia hakuna katuni inayostahili yeye aungue.

Niligeuka nikaona mlolongo wangu wote unakuja. Kyule alikuwa nyuma yangu, akanifuata kwa kudhani tumehama. Wa nyuma yake akamfuata, na wa nyuma yake. Wengi hawakujua hata wamepanga foleni ya nini. Mmoja aliniuliza kama unga wa msaada ni wa debe au wa kilo. Hapo hapo Mikail akapuliza filimbi. Kanuni ilikuwa kwamba filimbi ikilia, kila mtu ahesabiwe alipo.

Bi Ndimu sitini na tano. Mzee Pakacha wanne, nao walikuwa wamelala.

Mzee Nyamai alijifuta jasho shingoni. Kisha aliniuliza kama ni mimi niliyeandika ile hotuba. Nilisema ndiyo, mzee. Akasema mama yake naye alikuwa na ulimi mbaya, na wote aliowatukana aliwapikia. Akasema mbuzi waje Jumamosi, ila dume awe amenona.

Nilikaa chini pale pale juani. Nilitaka kucheka, machozi yakatoka. Nafurahi. Nafurahi kuliko siku niliyopata kibanda.

Jumapili, 14 Septemba

Kanisani mzee amenishika mkono mbele ya watu. Kanyiva amenisalimia, tena yeye ndiye aliyeanza. Mulei ananuna: ushindi ni wake lakini wote wananipongeza mimi. Nimemwambia mzee kwamba niliupanga mpango wote tangu mwanzo, na kwamba kuanzia leo mimi ni mwenyekiti wa Bi Ndimu maisha yangu yote. Chakula kimeingia vizuri kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Jumatatu, 15 Septemba

Asubuhi amekuja Mama Syombua, mama yake Kanyiva, kununua chaja. Ameuliza kwa upole kwa nini nilimwacha Mzee Pakacha, ambaye anafanana na marehemu baba yake mzazi kama pacha. Amesema yeye ndiye atakayepika siku ya ntheo, na hajaamua bado kama atawasha jiko.

Nimemwambia moyo wangu uko kwa Pakacha. Nimemwambia kura ya juzi ilikuwa na kasoro na itarudiwa. Ameondoka akitabasamu, na chaja nimempa bure.

Nimekwenda kwa Mikail. Ameuliza marudio ni lini. Nimesema Ijumaa, saa sita juu ya alama, jua likiwa katikati, kusiwe na kivuli upande wowote. Ameuliza mimi nitasimama mlolongo upi. Nimemwambia asijali, picha zote mbili zitabandikwa ukuta mmoja, na mimi nitasimama katikati.