Chuma Kinachodaiwa Kusikia Baridi

Ndugu Mhariri,

Nakuandikia huko Njombe nikiwa Ipelele, Makete, ambako ukungu umegoma kuondoka. Mimi ni Methusela, mwenyekiti wa kamati ya daraja letu la waenda kwa miguu. Naomba uchape malalamiko yangu dhidi ya Ida, mhandisi tuliyeletewa, ili taifa limjue.

1. Nilikwenda mwenyewe Makambako kuchagua vyuma: vinene, vyeusi, vizito. Vijana walivishusha wakiguna. Ida hakujali unene. Aliuliza, "Mzee, cheti kinaonyesha chuma hiki kimepimwa kwenye baridi kiasi gani?" Mimi naishi kwenye baridi hii tangu nizaliwe, na hakuna aliyewahi kuniomba cheti.

2. Alikata vipande viwili, akavichanja kwa msumeno, akavilaza nje. Asubuhi, sakitu ikiwa bado nyeupe kwenye majani, alikigonga kimoja kwa nyundo. Kikakatika kama biskuti. Cha pili alikiacha kipate jua. Hicho kilipinda tu. Akasema, "Ugumu peke yake hautoshi. Kwenye baridi, chuma kisichofaa hakipindi kwanza kikakuonya." Wanakamati wakapiga makofi! Nyumbani kwangu anayevunja kitu hapigiwi makofi.

3. Ikiwa chuma kinasikia baridi, kesho tutaambiwa tulifumie daraja sweta. Keshokutwa misumari ya kanisani itaomba chai ya tangawizi, na mabati yatadai likizo kila Julai.

4. Baya kuliko yote, mke wangu Vestina, anayevuka mto ule na viazi kichwani, alisimama mkutanoni akasema, "Anayepita juu ni mimi. Nunueni anachotaka Ida." Mkutano mzima ukamfuata. Vyuma vyangu sasa vimelala nyuma ya ofisi ya kijiji, kuku wanavinyea.

Naomba basi mhandisi huyu ahamishiwe Dar es Salaam, akavipime vyuma vya huko kwa jasho.

Wape salamu wachapaji wako wote, na yeyote hapo ofisini mwenye akili timamu.

Mimi, katika ukweli,
Methusela, Mwenyekiti

Nyongeza: Asubuhi hii tukipeleka viazi sokoni Matamba, chuma kinachounga trela na trekta kilikatika ghafla, bila kupinda. Trela likabiringika bondeni. Vestina alikuwa ameshuka punde tu kunyoosha miguu. Ida ndiye aliyetukuta, akatupakia garini mwake. Vestina bado anatetemeka, na si kwa baridi. Ida ameniuliza bahasha hii ni ya nini. Nimemjibu ni barua ya kumpongeza. Tafadhali, Ndugu Mhariri, usiniumbue: badala ya hii, iandike hiyo ya pongezi, sahihi yangu unayo.