Udi Kabla ya Picha

Leo nimefukuza wageni wangu mwenyewe, jamani. Tena huku nacheka!

Dada yangu Saada amekuja kututazama hapa Ibra, Oman, na kesho anarudi Unguja. Miguu yake si ile tena, safari hii huenda ikawa ndiyo ya mwisho. Akataka kitu kimoja tu: picha ya ukoo mzima, akaitundike kwake. Basi leo baada ya Maghribi wakajaa majlisini, ukumbi wetu wa wageni, mpaka wakwe zangu wa mji wa Sur.

Mpiga picha mjukuu wangu Maryam. Vyombo vyake simu na taa moja ya mguu. Taa moja, watu kama wa maulidi! Wa mbele wanang'ara kama sufuria iliyosuguliwa, wa nyuma hata meno huyaoni. Akenda kunivulia kitanda shuka jeupe, akalitundika upande wa pili ati lirudishe mwanga. (Shuka lenyewe lina doa la hina.) Warefu nyuma, wazee vitini, watoto chini.

"Babu Nasor, vua miwani, inamemeta!"

Bwana Nasor ndiye mkwe wangu, mkubwa kuliko wote. Akavua. Nyuso zote zikaonekana.

"Khalas, basi, hapo hapo! Msitikisike!"

Hapo ndipo shetani wangu alipopanda. Nikawaona wanatoka jasho. Picha ya kwenda Unguja, watu wananuka jasho? Nikatoka na chetezo, udi unafuka.

"Bibi, picha haina harufu!"

"Nyamaza wewe. Saada ataijua."

Nikaanza kwa mkubwa, ndiyo adabu. Bwana Nasor akajifukiza ndevu, akajifukiza kilemba, akasimama kuaga.

"Jazakumullahu kheri, Bi Asha. Fi amani llah."

Mkubwa kasimama, nani atabaki kitini? Wakasimama wote! Maana huku udi ukishapita, mgeni haketi tena, ndiyo ruhusa yake ya kwenda. Na wajukuu zangu hayo niliwafundisha mimi! (Umri wote huu, nikenda kusahau leo.)

Moshi umetanda mbele ya taa, simuoni mtu, nasikia viatu tu vinavaliwa. Kubaki kabaki Saada kwenye kiti chake.

"Asha, umewafukuza?"

Sauti ile ikanikata maini. Nikatoka mbio, kiatu kimoja changu, kimoja sijui cha nani, chetezo mkononi. Magari yashawashwa. Nikasimama katikati ya njia.

"Nasor! Thuwayba! Zamzam! Said wa Khamis! Said wa Hamed! Rudini, sikukufukuzeni!"

(Nasor mtupu, bila ya Bwana. Mkwe wangu!)

Bwana Nasor akateremsha kioo cha gari.

"Sasa Bi Asha, tukirudi tutapewa kahawa, au tunafukizwa tena?"

Mtaa mzima kicheko! Maryam akapiga ukelele, "Msizime taa za gari!" Akamleta Saada na kiti chake, akawapanga watu pale pale njiani mbele ya magari. Nuru ile, hata Said wa Hamed kule nyuma unamhesabu ndevu.

Wote wametoka wazuri. Mimi niko katikati, mdomo wazi, viatu mbali mbali, chetezo nimekiinua kama nataka kumpiga mtu. Maryam akataka kupiga nyengine. Saada akaikamata simu, hataki kuiwacha.

"Hii hii. Ndiye mdogo wangu huyu."

Basi mlioko Unguja, mkipita kwa Saada mtanikuta ukutani. Nakuombeni mcheke kimoyomoyo.