Askofu na Mlinzi Wake

Jumapili, tarehe 18 Machi 2001

Siku kubwa! Baada ya misa shirika letu la Kasenga, sisi Wakatoliki wa mtaa huu, lilikutana. Padri Révérien atatutembelea Ijumaa, na Jumapili ijayo tutachagua rais mpya wa shirika. Nani anafaa kama si mimi? Ila jirani yangu Léopold, fundi baiskeli, naye anajiona. Kabla hajafungua mdomo nikasimama: Padri atakula kwangu, jogoo mzima! Makofi. Léopold akasema baada ya jogoo Padri apite kwake, kuna mbuzi. Makofi zaidi. Mtu hana haya hata kidogo.

Shida ipo moja, ndogo. Jogoo mwenyewe ni wa mke wangu Gloriose. Amemwita Askofu, kwa ajili ya ule mwendo wake na kilemba chekundu. Na Askofu ana mlinzi.

Jumatatu, tarehe 19

Nieleze vizuri, maana siku moja wajukuu watasoma. Mwaka jana askari walipita barabara yetu wakabeba kuku wote. Alibaki kifaranga mmoja, kajificha chini ya tumbo la mbwa wetu Makasi. Tangu hapo hawaachani. Wanakula bukari, ugali wetu, sahani moja. Jogoo anamdonoa mbwa kupe wa masikioni, mbwa kafumba macho kwa raha. Wakilala, jogoo yuko juu ya mgongo.

Leo nilinyoosha mkono tu. Mkono! Suruali yangu ya misa sasa ina mguu mmoja na nusu. Nikamwomba Gloriose amkamate yeye. Akaniita kwa jina la mtoto wetu, kama kawaida: "Baba Alliance, Padri anakuja Ijumaa, si ndiyo?" Nikasema ndiyo, Ijumaa. Akasema sawa, akaendelea kutwanga sombe, majani yetu ya muhogo, huku anatabasamu. Sijui alikuwa anafurahia nini.

Jumanne, tarehe 20

Akili imefanya kazi. Niliazima kamba kwa Léopold (hakujua ya nini, mjinga) nikamfunga Makasi kwenye mpapai. Mbwa kafungwa, jogoo yuko huru, mimi nina panga. Nani atanizuia?

Askofu aliangalia kamba. Akaniangalia mimi. Akaenda kukaa juu ya mgongo wa Makasi, na hapo akashinda kutwa. Yaani nimefunga mlinzi pamoja na mali. Alasiri Léopold alikuja kudai kamba yake, akacheka mpaka akashika ukuta. Nilimwambia ni mafunzo ya mbwa.

Jumatano, tarehe 21

Asubuhi risasi zililia milimani, upande wa Bijombo, zikawa zinashuka. Barabara nzima ikakimbilia ziwa. Godoro kichwani, sufuria mkononi, tunajua kazi hii. Léopold alibeba mbuzi mabegani, sufuria zote akamwachia mkewe. Mimi katika ile fujo nikaona bahati yangu. Nikamnyakua Askofu nikamtia katika mfuko wa unga. Hatimaye!

Nilingoja meno. Hayakuja. Makasi alitembea kando yangu mpaka Mulongwe, ufukweni, bega lake kwenye goti langu, anadhani nimemwokoa rafiki yake. Tuliketi mchangani. Akaweka kichwa juu ya mfuko, akapumua. Na ndani ya mfuko moyo mdogo ulikuwa unapiga mbio, na wangu pia, maana risasi zilikuwa bado. Gloriose akaniuliza, "Weye, ule mufuko iko na nini?" Niliufungua. Nilisikia huruma, naandika wazi, niliwahurumia wote wawili na sisi sote pale pwani. Mchana kukatulia, tukarudi nyumbani tukiwa wazima.

Alhamisi, tarehe 22

Huruma imeisha. Léopold ananoa kisu, tena anakinolea mlangoni kwake makusudi.

Mpango wa leo: kumshibisha Makasi mpaka alale kama mfu. Nikampa bukari na ndagala, dagaa wa ziwa letu, chakula changu mwenyewe. Alikula nusu, nusu akamwachia Askofu. Wakalala. Nikakaa karibu na panga, nangoja usingizi ukolee. Kivuli kilikuwa kizuri mno. Niliamka jioni, Askofu amesimama juu ya kiatu changu. Kumbe Gloriose ametoka sokoni na mikeke. Nikamuuliza Padri na samaki wapi na wapi. Akasema nipumzike.

Ijumaa, tarehe 23

Tangu asubuhi Kasenga nzima ilinuka mbuzi wa Léopold. Nilitamani ardhi inimeze. Padri Révérien akafika, akaketi, nikaanza kuomba radhi kwa ajili ya jogoo. Hakunisikia. Alikuwa anaangalia meza: mikeke, bukari, mboga za lengalenga. Akasema asante Mungu, hata na vita hii kuna nyumba inayokumbuka kwamba leo ni Ijumaa ya Kwaresima, siku ya kuacha nyama.

Kwaresima! Nyama! Ijumaa! Nikasema, "Padri, minye sifanyake mchezo na mambo ya dini." Gloriose alikohoa.

Tukaenda kwa Léopold. Alifunua sufuria kwa mikono miwili. Mvuke ukapanda. Padri akaomba maji ya kunywa tu. Léopold alifunika pole pole. Lakini askari wa kizuizi cha barabara yetu hawafungi Kwaresima, na pua wanazo. Walikuja wakabeba nyama na sufuria. Nilimshika Léopold bega. Sikucheka mpaka nilipofika nyumbani.

Wakati wa kuaga Padri aliona jogoo juu ya mbwa. Akauliza anaitwaje. Gloriose akajibu bila aibu, "Askofu." Mimi nikaangalia paa. Padri alicheka mpaka akavua miwani, akasema Askofu wetu angefurahi kuwa na mlinzi kama huyo.

Jumapili, tarehe 25

Uchaguzi umekwisha. Rais mpya wa shirika ni Gloriose! Hata Léopold alimpigia kura. Na mimi ni mume wa rais, benchi la mbele, nani kama mimi? Nimefurahi kweli.

Padri akatangaza kwamba atakula nasi tena siku ya Pasaka. Nilikuwa wa kwanza kusimama. Jogoo mzima! Rais alinivuta shati, nikawa nimeshasema. Safari hii nimehakikisha: Pasaka haiangukii Ijumaa.

Kumebaki suala la Makasi tu, na dawa nimepata. Nimemwomba Léopold bata wake. Mbwa akizoeana na bata, atamsahau jogoo.

Jioni. Bata kalala kwenye tumbo la Makasi. Askofu yuko juu ya mgongo. Nilipokaribia, wote watatu walinitazama, mmoja kwa meno. Mpango unakwenda vizuri.