Mabawa ya Mpangaji

Jumatatu, tarehe 2 Juni

Nimeingia kwenye mchezo wa simu. Mimi! Mtu mzima na mvi zangu. Sababu ninayo, na asiyeipenda ashone nguo zake mwenyewe.

Sababu ni mume wangu. Si marehemu, Mungu amrehemu. Huyu ni mjukuu wangu, anayetengeneza lifti mji wa mbali. Hapigi simu. Ukimpigia, yuko juu ya lifti. Ukirudia, yuko chini ya lifti. Leo mama yake, yaani mkamwana wangu, kaniropokea kwamba kila jioni akitoka kazini anacheza mchezo mmoja wa kufuga viumbe, spika masikioni, na njia nzima anaongea na mwenzake wa safari. Saa nzima! Mimi bibi yake naambulia "shikamoo bibi, nitakupigia".

Sasa huyo mwenzake ameoa, ameacha mchezo. Nafasi iko wazi. Mume wangu kasema Jumamosi ataijaza na mmoja wa wake zake, yule mwenye mnyama aliyefikia umbo la pili. Wake zake ni wawili. Mimi niliyemzaa baba yake, kwa hiyo mke mkubwa. Na yule aliyemzaa mama yake, mkuu wa shule mstaafu. Mke mwenza.

Na mke mwenza ana mnyama tayari! Anaitwa Malkia. Wiki tatu anamlea kimya kimya. Juzi tulikaa kochi moja tukinywa chai, akaniambia kushona kunaharibu macho, na la Malkia hakulitaja. Mwanamke ana kifua huyu!

Nilikwenda moja kwa moja kwa fundi simu, tunayegawana naye ukuta. Kaniingiza, kanipa yai. Nikauliza linaatamiwa vipi. Kasema kwa kutembea: simu ikitikisika kwa hatua zangu, yai linapata joto. Nikamwambia magoti yangu hayatembei kwa ajili ya yai la mtu yeyote. Akacheka. Acheke tu.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Nina akili. Sijisifu. Nasema kwa sababu hakuna mwingine hapa wa kusema.

Nimeifunga simu kwenye kanyagio la cherehani kwa utepe wa mabaki. Nikakaa, nikashona mapazia ya zahanati tangu asubuhi, kanyaga, kanyaga, na simu ikaamini bibi yuko safarini. Kabla ya chakula cha mchana yai likapasuka!

Kikatoka kitu cha mviringo, cha kijivu, macho kama vifungo vya koti, miguu ya kutafuta kwa tochi. Kikanitazama. Kikalia njaa. Kikala. Kikalala. Nimekipa jina Mpangaji.

Fundi simu alikuja kuchungulia, akasema amefanya kazi hii miaka mingi na hajaona mtu anayedanganya simu kwa cherehani. Kisha akaanza kunitisha. Eti hatua humpa mnyama miguu, lakini mabawa hutokana na mahali alipopelekwa. Asipopelekwa popote, hatapata mabawa. Nikamwambia nimelea watoto watano na sikumpeleka yeyote popote, na wote wana afya. Akauliza, wana mabawa? Nikamfungia mlango.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Mke mwenza alikuja na Malkia wake. Alikuja kwa miguu, viatu vya mazoezi, mwavuli mkononi, filimbi shingoni. Ndivyo anavyomlea yule mnyama: kwa ratiba. Alfajiri matembezi. Kisha kuoga. Kisha kuruka kamba. Kisha matembezi tena. Kupumzika hakumo. Malkia ni mrefu, wa buluu, shingo kama mpini wa ufagio, na macho mekundu ya mtu anayesubiri kengele. Nilimwonea huruma. Nilipoona hajabadilika umbo hata kidogo, huruma ikapungua, nikafurahi.

Mke mwenza akashusha miwani hadi ncha ya pua, akamtazama Mpangaji, akauliza anaumwa nini. Nikamjibu haumwi, ameshiba, ila watu wa kengele wamezoea kukondesha watoto wa wenzao. Akasema, "Mke mkubwa, huyo si mnyama. Huyo ni mto wa kulalia." Kisha akaongeza kwamba Malkia amebakiza kidogo sana, na mume wetu anataka kupanda mlima, na mlima unataka mabawa.

Mume *wetu*. Nilimmiminia chai bila sukari.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Nimempeleka Mpangaji vitani, maana fundi simu anasema vita humkomaza. Kaa mmoja mwekundu akampiga kibao, mtoto wa watu akabingirika hadi mtoni. Nikamwandikia mwenye kaa aje na mzazi wake tuyazungumze. Akajibu kwamba yeye mwenyewe ni mzazi, tena ana wakwe. Basi nikamwambia aje na mke wake. Amenifungia, sioni tena maneno yake. Watu hawana malezi.

Lakini siku haikwenda bure. Mchezo umenipa mfuko wa peremende, zawadi ya wageni. Fundi simu akanionya: moja kwa siku, nisizidishe. Mnyama akila nyingi huvimba na kulala fofofo, na aliyelala hapandi hata kizingiti, sembuse mlima.

Nikamwomba arudie. Akarudia.

Peremende zote, mfuko mzima, nimemtumia Malkia! Kesho atakula, keshokutwa atakoroma, na nafasi itabaki na mtu mmoja. Fundi simu akauliza, na Mpangaji je, atabaki bila hata moja? Nikamwambia atume, asinifundishe ulezi. Tuliandika hivi: "Kwa mwanangu Malkia, kwa upendo, kwa upendo, kutoka kwa mama yako mkubwa." Neno "upendo" nilimwamuru alirudie mara mbili.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Mpangaji amebadilika!

Nilikuwa nashona mashuka ya hosteli, mguu haujapumzika, mara simu ikapiga tarumbeta chini ya meza. Nikainama hadi kiuno kikalia. Mwanga, moshi, nyota. Kisha akatoka. Miguu! Sita! Minene kama ya meza ya kulia chakula. Mabawa hakuna. Hata unyoya.

Na akaanza kukimbia. Anakimbia kwa nguvu zote, vumbi linatimka, na yuko palepale. Hasogei hata kidole. Fundi simu ilibidi ashike ukuta. Akasema mnyama amejifunza alichofundishwa: maisha yake yote amekimbilia kwenye kanyagio. Nikamkaripia Mpangaji kwa jina lake kamili. Miguu sita na huendi? Ningekuwa nayo mimi ningekuwa wapi! Akaongeza mbio. Palepale.

Haidhuru. Umbo la pili ni umbo la pili.

Jioni mke mwenza akapiga simu, sauti imemshuka. Malkia amekula peremende zote na amelala. Kengele hasikii. Filimbi hasikii. Nikampa pole. Nikampa pole ndefu, yenye kituo na aya. Kisha nikala wali sahani mbili.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie pabaya.

Tulikutana wote watatu mle mchezoni, chini ya mlima. Mimi nimevaa spika za fundi simu masikioni. Sauti ya mume wangu ikaingia karibu kabisa, kama amekaa kwenye kiti cha wateja. Akasema, "Shikamoo, wake zangu." Nikaitikia kwanza.

Kisha Malkia akashuka. Akashuka kutoka *juu*! Mabawa ya buluu, mapana kama shuka la vitanda viwili! Fundi simu akaninong'oneza kwamba mnyama hawezi kubadilika bila kulala usingizi mrefu, na kwa ratiba ile Malkia hakuwa amelala tangu azaliwe. Peremende ndizo zilizomlaza. Peremende zangu! Mabawa yale nimeyashona mimi kwa mkono wangu mwenyewe.

Mume wangu akayasifu mabawa. Akaja kwa Mpangaji, aliyekuwa akikimbia palepale, akauliza taratibu, "Bibi, hii ni meza?" Nikasema ni mnyama wa kazi. Akasema bibi, nisikufiche, mlima huu unataka mabawa.

Nikasema sawa, mume wangu, nenda, ila vaa sweta. Kisha nikapangusa macho kwa kipande cha shuka. Vumbi la vitambaa. Chumba hiki kina vumbi sana.

Nilikuwa nimeshamwashiria fundi simu azime, ndipo mke mwenza akatoa ile sauti yake ya mstarini asubuhi. Kimya! Tukanyamaza, mimi, mume wangu, hata fundi simu ambaye hakuambiwa. Akasema nafasi hiyo hawezi kuikalia peke yake. Wiki tatu amehangaika na Malkia. Aliyemsaidia ni mke mkubwa, aliyempa mtoto wa mwenzake peremende zote na wa kwake akamwacha bila hata moja. Roho ya namna hiyo, akasema, hakuiona hata kwenye ofisi ya walimu. Kwa hiyo iwe zamu, wiki kwa wiki, na mke mkubwa aanze.

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. Akasema haya, zamu.

Fundi simu alinitazama sana. Mimi nilitazama sindano. Mtu akikupa heshima yako mbele ya watu, kumrudishia ni kukosa adabu. Nikasema tu: asante, ndivyo nilivyo.

Jumapili, tarehe 8 Juni

Safari ya kwanza! Hatukufika popote.

Mpangaji alikimbia, miguu sita, vumbi hadi mawinguni. Mume wangu akamleta mnyama wake, kobe, awe anamsukuma kwa nyuma. Akisukumwa, anasogea kidogo. Akiachwa, palepale. Lile jiwe la kwanza la njiani tuliliona kwa mbali tu.

Lakini saa nzima! Kwanza alicheka. Kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza. Chumba chake dirisha linatazama ukuta. Anaunguza chakula, anakula mkate mkavu. Siku moja lifti ilikwama naye ndani, gizani, akasikia mashine inagonga kule juu, tak-tak-tak, akajiambia ni cherehani ya bibi, akatulia mpaka wakamtoa. Sikujua. Sikujua kabisa.

Nikamwuliza kwa nini basi hapigi simu. Akasema akishika simu maneno yanamkimbia, lakini ukiwa unasukuma kitu chenye miguu sita, maneno yanakuja yenyewe.

Nikamwambia afue mashuka, apunguze moto wa jiko, na asipande juu ya lifti bila mkanda. Akasema ndiyo, mke wangu. Nimeshamkatia pazia la hilo dirisha. Vipimo nilimwuliza tulipokuwa tunasukuma.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Jana na juzi tulisukuma tena. Mlima uko palepale, nasi tuko palepale, na mdomo wa mume wangu haupoi. Kapika maharage, hayakuungua!

Tatizo ni Jumamosi. Zamu yangu inakwisha. Nimechukua yai la pili, nimelifunga kwenye kanyagio. Hili litatoka na mabawa, nalijua, maana safari hii nakanyaga kwa kasi zaidi. Fundi simu ameshika kichwa chake kwa mikono miwili. Nadhani ana homa.

Lakini habari kubwa ni hii. Leo mchana mke mwenza amemtumia Mpangaji peremende. Mfuko mzima! Ameandika: "Kwa mwanangu Mpangaji, kwa upendo, upendo mwingi, kutoka kwa mama yako mdogo." Niseme kweli, nilimdhania vibaya yule mama. Nimemlisha Mpangaji zote, moja baada ya nyingine. Amevimba vizuri. Sasa amelala, miguu sita juu, anakoroma. Na usingizi wa peremende huleta nini? Mabawa! Niliyaona kwa macho yangu.

Mke mwenza akapiga simu baadaye, akauliza kwa adabu kama Mpangaji amepata usingizi. Nikasema fofofo. Akashukuru Mungu. Akasema basi, kama wa kwangu amelala, anaweza kunikalia nafasi yangu jioni ya leo, na kesho pia ikibidi, isije ikachukuliwa na mtu baki. Nilikuwa hata sijalifikiria hilo! Nikamwambia akae, akae kwa raha zake, mwanamke mwema kama huyu.

Fundi simu alitaka kusema kitu. Nikamwambia wivu haumfai mwanamume.

Sasa nimekaa nashona kanzu ya Mpangaji ya kufunikia simu. Nimeacha matundu mawili mgongoni.