Pikapu Iliyouawa kwa Barua

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimepoteza gari. Pikapu nyeupe ya mwaka 1996, Jumatano tarehe 19 Februari, alfajiri, nikitoka Chebunyo na maziwa ya watu. Haikuibwa. Lori la ng'ombe liliingia upande wangu kwenye kona, likaiparua kutoka taa ya mbele hadi mkiani. Mimi sikupata hata mkwaruzo. Maziwa yote yakaenda kwa mbwa wa Chebunyo, na bado wanatembea wakiwa wamenona.

Sasa sikia! Lori halikuiua. Kampuni ya bima ndiyo imeiua, leo, kwa barua! Wanasema kuitengeneza ni shilingi 180,000, na thamani yake sokoni ni 240,000 tu, kwa hivyo haifai kutengenezwa, ni hasara kamili. Watanipa hizo 240,000, na mabaki watayauza wao. Mabaki! Gari ambayo inawaka kwa ufunguo mmoja!

Bima nililipia kama gari ya 450,000. Kila mwaka. Wakati wa kupokea pesa yangu gari ilikuwa kijana. Wakati wa kulipa imezeeka ghafla!

Pikapu ya 240,000 hakuna. Nimeuliza Bomet, nimeuliza Kericho. Na bila pikapu hakuna maziwa, na bila maziwa mimi Kimeli ni nani? Nilianza na baiskeli na mtungi mmoja, hakuna mtu alinishika mkono. Leo nina wakulima thelathini na wawili ambao maziwa yao nayapeleka Siongiroi kwenye mtambo wa kupoza. Nilikuwa nao. Tangu ajali, jirani yangu Kipchirchir anazunguka na pikipiki, mitungi ikining'inia kama masikio ya mbuzi, akiwaambia wakulima wangu ati anasaidia tu. Anasaidia! Leo amepita hapa akanipungia mkono.

Mke wangu Rodah anasema nichukue pesa tuongezee polepole. Nimemwambia sijapangiwa bei na mtu yeyote tangu niache shule. Akasema labda ndiyo shida.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Nimeamka nayo kichwani, nzima, kama yai.

Hii pikapu sikuinunua kwa pesa. Mwaka wa 2013 nilibadilishana na mtu wa Narok, mitamba saba, pale Mulot, mbele ya mashahidi. Kwa hivyo thamani ya gari si shilingi. Ni mitamba saba! Shilingi huanguka. Mtamba umewahi kusikia ameanguka bei?

Nimeenda soko la Mulot. Nimeuliza bei kama mnunuzi kweli: nikafungua midomo nikaona meno, nikainua mikia, nikapiga mbavu. Mchuuzi mmoja alifurahi mpaka akaniwekea kamba mkononi, na ikabidi nimwambie naenda haja. Nilikuwa nje ya soko ndipo nikaona kamba bado ninayo. Bahati mtamba hakuwa upande wa pili.

Bei ya wastani ni 75,000. Mara saba, 525,000! Imepita hata bima! Lakini mimi si mtu wa tamaa. Nitadai 450,000, mtamba mmoja nawaachia wanywe chai.

Jumatano, 5 Machi

Bomet, ofisi ya bima. Kuna msichana anaitwa Beverly, yeye hushughulikia madai, ana adabu, alinipa maji. Halafu kuna Owiti, mkaguzi, ndiye aliyeua gari yangu kwa kalamu. Ni mtu wa ziwani lakini alizaliwa kwenye nyumba za wachuma chai Kericho, na Kikipsigis anakijua kuliko watoto wangu. Hiyo ilinifunga. Matusi yote niliyotayarisha njiani yalikuwa kwa Kikipsigis.

Nikaeleza hesabu ya mitamba. Beverly aliandika kila kitu. Owiti alisikiza mpaka mwisho, kisha akauliza polepole, mzee Kimeli, hao mitamba wa 2013 leo wako na meno mangapi?

Nikasema hiyo si hoja. Akasema yawa, kama wasemavyo watu wa ziwani, hiyo ndiyo hoja yenyewe. Umeniletea bei ya mtamba wa leo, na wale wa 2013 leo ni bibi vizee, pembe zimekunjamana, wakiuzwa watauzwa kwa kilo, na nyama yenyewe ni ya kuchemshwa siku mbili. Ndivyo ilivyo pikapu yako.

Beverly alikohoa ndani ya kikombe.

Sikukubali! Nikamwambia ng'ombe huzaa. Mitamba saba, miaka kumi na miwili, hata ukihesabu nusu ni madume, hata ukiondoa wa kufa na wa kulipia karo, hiyo ni boma zima! Mimi kudai 450,000 ni huruma! Owiti akaweka kalamu chini. Akauliza pikapu yangu imezaa ndama wangapi. Ati hata kama imezaa pikipiki moja, aandike.

Nikatoka. Swali la kijinga kabisa.

Kitu kimoja kizuri. Beverly alinisindikiza mlangoni akanieleza kwamba mabaki yako kwenye yadi nyuma ya ofisi. Anayetaka kuyanunua anaandika bei yake, anaweka kwenye bahasha pamoja na nakala ya kitambulisho, mwisho Ijumaa saa sita. Wa juu anachukua. Wanatarajia kama 50,000 hivi.

Nimelala juu ya hiyo habari kama kuku juu ya mayai.

Alhamisi, 6 Machi

Wueh! Kimeli, wewe ni hatari!

Tazama. Gari nzima wanasema ni 240,000, mabaki 50,000. Sasa, mtu akija akasema mabaki peke yake atayanunua kwa 200,000? Ikiwa imevunjika ni 200,000, ikiwa nzima itakuwaje 240,000? Hata mtoto wa darasa la tatu ataona hesabu yao imeoza! Lazima wapandishe!

Shida ni huyo mtu. Mimi siwezi, Owiti atacheka mpaka azimie. Kipchirchir hapana. Nilitaka mtu mzima, wa heshima, ambaye nakala ya kitambulisho chake ninayo, na ambaye hata akigundua hawezi kuja kunigombeza uso kwa uso.

Mama mkwe!

Mama yake Rodah anakaa juu Kapkatet kwenye chai yake. Watoto humwita Kogo, yaani nyanya, na mimi vilevile, kwa sababu kwetu mkwe mwanamume hamtaji mama mkwe kwa jina. Hamsalimu kwa mkono. Hakai karibu naye. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayempisha. Miaka kumi na minane ya ndoa, na maneno yote kati yetu yamepitia kwa Rodah, kama maziwa kwenye chujio. Ataniuliza vipi? Mahali pazuri zaidi pa kuficha kitu ni nyuma ya heshima!

Nakala iko kwenye sanduku, tangu tulipomfungulia akaunti ya sacco. Nikaandika: Rebeccah. Jina ambalo mdomo wangu haujawahi kulitoa. Mkono nikauambia, wewe si mdomo. Namba ya simu niliweka ya kweli, maana Kogo hapokei namba asiyoijua, husema ni wezi. Wakimkosa, zabuni itaanguka, lakini ile 200,000 itakuwa imeshasomwa kwa sauti mbele ya watu. Hiyo tu ndiyo nataka!

Bahasha imeingia. Rodah ameniuliza mbona napiga mluzi.

Ijumaa, 7 Machi

Saa sita kamili nilikuwa mbele ya Beverly. Bahasha zikafunguliwa. 38,000. 45,000. 52,000. Halafu 200,000! Hata askari wa mlangoni aliingia kuona.

Nikasimama, nikatoa hotuba. Hesabu yote, hatua kwa hatua, na mkono nikiupunga. Owiti akasema hiyo haionyeshi thamani ya gari, inaonyesha tu kwamba kaunti hii ina mjinga mmoja. Nilitaka kumrukia, kwa sababu huwezi kumtukana mama mkwe wangu mbele yangu. Kisha nikakumbuka hakuna anayejua ni mama mkwe wangu. Nikameza.

Beverly akasema lazima kwanza wampigie mnunuzi. Nikasema piga, piga! Nikakaa, nikakunja miguu.

Ikalia mara mbili. Ikapokelewa!

Kumbe ng'ombe wa Kogo alikuwa amelia tangu asubuhi akitaka dume, na Kogo alikuwa anangoja simu ya daktari wa kupandisha. Leo ndiyo siku angepokea hata simu ya shetani. Nikasikia ile sauti ikitoka kwenye simu, na kabla sijajua nimefanya nini, nilikuwa nimesimama mlangoni kwa heshima.

Kogo akauliza, gari ya nani? Beverly akasema ya Kimeli wa Siongiroi. Halafu Kogo akasema sawa, pesa iko sacco, Jumatatu atakuja nayo.

Owiti akaniangalia. Akauliza mbona nimelowa jasho na kuna baridi.

Jumatatu, 10 Machi

Amelipa! Zote! Ni bonasi yake ya chai, alikuwa ameiweka kwa ajili ya paa jipya.

Rodah amenieleza, huku akicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Kogo alielewa yote palepale kwenye simu. Alisema, mkwe wangu yuko taabani, na kwa adabu yake hawezi kuja kuniomba, kwa hivyo ameandika jina langu akaituma ofisi iniambie. Amesema mkwe mwenye heshima ya namna hiyo hajazaliwa mwingine Kapkatet nzima. Amesimulia kanisani.

Nimkatalie vipi? Kumwambia si kweli, lazima nipitie kwa Rodah. Na kupitia kwa Rodah ni kusema kwamba niliiba kitambulisho cha mama yake. Nadhani Rodah anajua. Ananiangalia kama mtu anayemtazama ng'ombe aliyekutwa ndani ya mahindi.

Nami nimepewa hundi yangu. 240,000, hakuna hata shilingi iliyopanda. Nimetia sahihi kwamba sina dai lingine. Owiti akanipa mkono akasema nimsalimie mama mkwe.

Lakini ngoja! Tufikirie kwa utulivu. Gari imebaki kwa jamii. Kogo hajui kuendesha. Nani mwingine anajua gia yake ya tatu inavyokwama? Nitaendesha mimi, wakulima watarudi, na 240,000 iko mfukoni! Nimeshinda! Nimeshinda bila hata kupanga!

Jumatano, 19 Machi

Fundi wa Siongiroi ameitengeneza kwa 65,000. Elfu sitini na tano! Owiti alisema 180,000!

Kogo ameshuka kusimamia kazi mwenyewe. Anasema chai haikimbii, maziwa yanakimbia. Kwangu hawezi kulala, hiyo haifanyiki. Amefikia kwa Kipchirchir, ambaye kumbe ni mtoto wa ndugu yake. Na anakaa mbele. Kila asubuhi, mbele, akiwa na kibeti. Anayeendesha lazima akae karibu naye, goti kwa goti.

Mimi siwezi. Kipchirchir anaweza.

Leo nilikuwa njiani nikasikia injini yangu inakuja. Ningeijua hata kati ya mia. Nikapisha, kama inavyotakiwa, lakini barabara ni nyembamba, nikajikuta ndani ya majani ya napia ya ng'ombe hadi shingoni. Wakapita. Kogo mbele amenyooka kama chifu, Kipchirchir kwenye usukani, nyuma maziwa ya wakulima wangu thelathini na wawili.

Akapiga honi. Alijua niko humo!

Ijumaa, 21 Machi

Kogo ametuma neno kupitia kwa Rodah. Kuna kazi yangu. Kupakia mitungi, nikae nyuma nayo. Shilingi 500 kwa siku. Amesema kati ya nyuma na mbele kuna kioo na bati, heshima inatosha.

Mimi! Nyuma ya gari yangu! Niliudhika mpaka chai ya saa kumi.

Halafu nikaona. Ai! Nikaona kama mtu aliyefunguliwa macho!

Hii gari walinilipa kama maiti. Mimi nilitia sahihi ya gari iliyokufa. Lakini leo inapanda mlima na maziwa ya kijiji kizima! Kama gari haikufa, basi ile sahihi yangu ndiyo imekufa. Dai liko hai! 450,000 toa 240,000, wananidai, hapana, nawadai 210,000!

Nimekubali kazi. Si kazi, ni uchunguzi. Kuanzia kesho nitakaa nyuma na simu, nirekodi kila mlima. Barua nimeshaandika. Ilihitaji shahidi, kwa hivyo nimeweka Kipchirchir. Sahihi yake nimemtilia mwenyewe ili nisimsumbue, ni K tu na mkia. Hana haja ya kujua.

Nimemalizia hivi, na nadhani Owiti hatalala:

"Swali ni moja. Gari hii imekufa au iko hai? Kama iko hai, nilipeni. Kama imekufa, nielezeni ni nini kinachonibeba kila asubuhi. Sitaki hadithi, sitaki 'tutakupigia'. Nataka neno moja, kwa maandishi, kabla ya saa nne asubuhi, Jumatatu tarehe 24 Machi."