Choo cha Mwenyekiti

Inatangazwa kwa furaha na fahari kubwa kwamba, Kwale nzima, kuanzia Matuga hadi Msambweni na visiwa vyake vyote, hakuna mwanafunzi wa baiolojia, tiba wala afya atakayepatwa na wazo la utafiti bila kibali. Tangazo hili nililiandika kwa mkono wangu, mimi Musyoki, Katibu wa Kamati ya Kupokea, Kupoza na Kuidhinisha Mawazo, na halina kosa hata la herufi moja.

Wako waliouliza kwa nini mawazo yapozwe. Hao ni watu ambao hawajawahi kufanya kazi ofisini. Wazo likitoka kichwani mwa mwanafunzi huwa bado la moto, na asiyejua kulishika huungua. Mwaka uliopita kijana mmoja alipata wazo la kuhesabu viluwiluwi vya mbu ndani ya vyungu vya maua vya ofisi yetu. Hakuna aliyemzuia. Akahesabu, akapata, akasema. Ikajulikana kwamba malaria iliyowalaza maafisa wetu tulikuwa tukiifuga wenyewe na kuimwagilia maji kila asubuhi. Ndipo Mwenyekiti wetu, Daktari Harrison Mangi, alipogundua hatari iliyojificha ndani ya elimu: utafiti una matokeo. (Udaktari wake ni wa heshima. Alitunukiwa na chuo ambacho kimehama bila kuacha anwani.)

Kamati ilikwenda Chale, kwenye hoteli ya kisiwani, kufanya semina ya kubana matumizi, na tuliporudi tulikuwa na mawazo salama ambayo mwanafunzi angechagua bila kujichosha. "Je, Mbu wa Diani Huanza na Mgeni au Mwenyeji?" Huanza na mgeni, kwa ukarimu wa Pwani. "Mchango wa Hotuba Ndefu katika Usingizi wa Wazee." "Nazi: Ni Tunda au Ni Rafiki?" Hili la mwisho lilikuwa langu, lakini sitaki kujisifu.

Tukatunga na kanuni. Wazo likishaidhinishwa halifutwi, na afisa atakayejaribu kulifuta atahesabiwa kuwa ana jambo analolificha. Tena, matokeo ya utafiti ulioidhinishwa hayapingwi na mtu yeyote, hata Mwenyekiti. Kwa kuwa mawazo yote yalikuwa ya kutusifu, hatukuona sababu ya kumruhusu mtu apinge.

Mambo yalikuwa shwari mpaka alipokuja Maimuna Mbwana, mzaliwa wa kijiji cha Mkwiro, mwanafunzi wa maabara aliyekuwa akimaliza chuo. Ni binti mwenye adabu mpaka inachosha. Alisimama mlangoni mwangu akingoja kukaribishwa, nami nilikuwa nimeshamkaribisha.

"Shikamoo, Bwana Katibu."

"Marahaba. Una wazo?"

"Ninalo, lakini nimelileta likiwa limefunikwa."

Nilimpenda hapo hapo. Wazo lenyewe, lilipofunuliwa, lilikuwa la kuchunguza minyoo ya tumbo kwa watoto wa shule za Msambweni. Nilimpeleka kwa Mwenyekiti. Daktari Mangi alilisoma, akavua miwani, akamtazama kwa huruma.

"Binti, Kwale haina minyoo."

"Ipo, mheshimiwa. Watoto wanaumwa matumbo."

"Ingekuwapo, ningealikwa kuizindua. Chagua lile la nazi."

Maimuna hakubisha. Alitoka, akaketi kwenye benchi langu, na machozi yakamlengalenga. Aliniambia kwamba chuo kimempa hadi Ijumaa. Asipopeleka wazo lenye muhuri wetu atarudia mwaka, na nafasi aliyowekewa kwenye maabara ya zahanati karibu na kwao atapewa mwingine. Mama yake amekwishaitangazia Mkwiro nzima kwamba mwanawe anarudi na kazi. Lile la nazi mwenzake alikwishalipeleka, chuo kikalikataa, kikasema si sayansi. Niliumia, lakini niliumia ndani ya saa za kazi tu.

Alhamisi akarudi na wazo jipya: "Uchunguzi wa Choo cha Maafisa wa Umma, Matuga."

Hapa sharti nieleze jambo. Miezi michache kabla ya hapo Daktari Mangi alikuwa amejenga choo kipya cha maafisa. Kina vigae vya bluu, kioo cha urefu wa mtu na bomba linalotoa maji siku nyingine. Alikizindua kwa utepe. Ustadhi aliomba dua, mchungaji akaomba pia, kisha Mwenyekiti akaingia peke yake na tukapiga makofi alipotoka. Tangu siku hiyo alikuwa akingoja mtu yeyote akisifie kwa maandishi. Aliposoma kichwa cha wazo la Maimuna, aliinuka kitini.

"Hili ndilo wazo, Musyoki! Huyu ndiye kijana tunayemtaka! Andika. Kila afisa atoe ushirikiano kamili. Choo cha Mwenyekiti kitangulie. Matokeo yasomwe hadharani mbele ya wadau, bila kupunguzwa neno."

"Na kama kuna atakayesita, mheshimiwa?"

"Anayeogopa choo chake kichunguzwe si mwenzetu. Ongeza methali: mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikaongeza. Tukagonga muhuri, nakala zikaenda ofisi zote, na redio ya hapa kwetu ikasoma waraka mzima wakati wa chakula cha mchana. Maimuna alishukuru kwa mikono miwili. Alishangaa kidogo, akasema hakutarajia wakubwa wawe mashujaa kiasi hicho.

Jumatatu alikuja na kikapu. Ndani mlikuwa na vikopo vidogo vya plastiki vyenye vifuniko, na kila kimoja kilikuwa na kijiti chake. Cha kwanza alimpa Mwenyekiti.

"Hiki cha nini?"

"Cha choo, mheshimiwa. Kidogo tu chatosha. Cha asubuhi ndicho kizuri."

Daktari Mangi alikitazama kikopo, akatazama upande wa ukumbini kwenye vile vigae vya bluu, akarudi kwenye kikopo.

"Kitaingiaje humu?"

Maimuna akainamisha macho. Amelelewa na bibi wa Kivumba, Waswahili wa visiwa vyetu, na katika nyumba ile neno lenyewe halitajwi mbele ya mkubwa hata kwa dawa. Mtu huulizwa kama amepata choo, akajibu alhamdulillahi, basi yakaisha. Ilimchukua muda kueleza, nasi ilituchukua muda zaidi kuelewa. Tulipoelewa, Bi Kamene, mweka hazina wetu aliyekulia Ukunda kwenye mahoteli, ndiye aliyepata sauti kwanza.

"Chair, hii ni noma. Tumejichoma wenyewe."

Tukafanya kikao cha dharura. Mwenyekiti aliuliza kama wazo lile laweza kufutwa. Nikamsomea kanuni. Akataka kujua ni mpumbavu gani aliyeitunga, nikamwonyesha sahihi yake. Ikaamuliwa kwa kauli moja kwamba Kamati haina la kuficha, na kila mmoja akachukua kikopo chake akaenda nacho nyumbani.

Kesho yake maafisa walipishana ukumbini mikono wameiweka nyuma, na salamu zilikuwa fupi. Hata hivyo vikopo vilijaa kikapuni, isipokuwa kimoja. Daktari Mangi aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Musyoki, mimi ni mtu mkubwa. Choo changu hakiwezi kutazamwa na msichana kwa hadubini. Nitafutie kingine. Kiwe cha mwenye afya kamili."

Agizo ni agizo. Nilimwendea mlinzi wa getini, akaniambia matatizo yake yanamtosha. Nilimgusia mchungaji, akaniombea. Ndipo nikafanya tathmini ya kitaalamu. Nyumbani kwa Mwenyekiti yupo beberu aitwaye Meja. Alishinda kwenye maonyesho ya kilimo, akapimwa na Bwana Chome, afisa wa mifugo, na cheti chake kimetundikwa sebuleni juu ya televisheni. Katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyewahi kupimwa na mtaalamu akapewa cheti. Havuti sigara, hanywi, nyama hagusi. Nikachukua kiasi, nikaponda, nikaongeza maji kwa mujibu wa busara, nikafunga kifuniko. Mwenyekiti hakuuliza nimekitoa wapi. Mkubwa mwema haulizi.

Siku chache baadaye Maimuna alinijia tena. Safari hii hakungoja hata kukaribishwa, nikajua kuna zito.

"Bwana Katibu, kile kikopo cha Mwenyekiti. Kuna jambo nimeliona ndani yake, nikilisema nitaonekana sina adabu. Nimelitazama mara nyingi. Mwalimu wangu naye amelitazama, akacheka mpaka akakaa chini."

"Ni ugonjwa?"

"Si ugonjwa hasa. Ni... mwenyewe."

"Mwenyewe vipi?"

"Nikiandika nilichokiona, Mwenyekiti atakasirika asitie sahihi ripoti yangu, nami nitarudia mwaka. Nikiandika nisichokiona, chuo kitanifukuza kabisa. Nishike lipi?"

Alikuwa akilia waziwazi sasa. Nami, lazima niseme, moyo uliniuma, kwani nilikwishamzoea. Nikampa jibu ambalo ofisi yoyote ingempa.

"Binti yangu, kazi yako si kufikiri. Andika ulichokiona. Matokeo hayapingwi, kanuni ndiyo hiyo. Ukiandika kingine, mimi mwenyewe nitakushtaki."

Akafuta machozi, akaenda.

Siku ya matokeo tulikodi ukumbi wa hoteli kule Diani. Wadau walikuja wengi kuliko viti, kwa sababu redio ilikuwa imetangaza mara kwa mara kwamba choo cha Mwenyekiti kitasomwa. Walikuwapo walimu wa Msambweni, wavuvi, kina mama wanaouza viazi karai, na Bwana Chome wa mifugo aliyekuja kwa ajili ya sambusa. Daktari Mangi alikaa mbele, suti ya kijivu, uso umetulia. Alikuwa na imani na kile kikopo.

Maimuna akasimama. Sauti ilianza chini, ikapanda. Akasema nusu ya vikopo vya maafisa vimekutwa na minyoo. Ukumbi ukaguna. Akasema minyoo hiyo ni ile ile ya vijijini, haijui cheo wala vigae, na kwamba kama wakubwa wenye maji na sabuni wanayo, watoto wa Msambweni wapimwe na wapewe dawa bila kuchelewa. Walimu wakapiga makofi. Kisha akavuta pumzi.

"Kikopo cha Mwenyekiti hakikukutwa na mnyoo wa binadamu hata mmoja."

Makofi yakalipuka. Daktari Mangi akainuka nusu, akapunga mkono kulia na kushoto.

"Ni kwa sababu," akaendelea Maimuna, "mniwie radhi wazee wangu, mwenye choo hiki si binadamu. Ni mbuzi. Ana minyoo ya mbuzi, na amekula majani mabichi na maganda ya muhogo."

Mama mmoja wa viazi karai alianza kucheka, akajaribu kujizuia kwa leso, ikashindikana, na watu wote wakaangua kicheko.

Mwenyekiti alinitazama mimi. Mimi nilitazama paa, lilikuwa zuri. Njia alizokuwa nazo ni mbili tu. Aseme kikopo si chake, awe amewadanganya wadau na kuvunja waraka wake mwenyewe, au awe mbuzi. Nilimwona akizipima. Mwishowe akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Nimeyapokea matokeo," akasema.

"Kama ni hivyo," akadakia Bwana Chome huku akipangusa mafuta ya sambusa, "huyu ni wa idara yangu. Dawa ninayo kwenye pikipiki. Na asivuke feri ya Likoni kwenda Mombasa mpaka awe na kibali cha kusafirisha mifugo."

"Kilete hicho kibali nitie sahihi, niende zangu!" akafoka Mangi.

"Samahani, mheshimiwa. Kibali hutiwa sahihi na mwenye mbuzi. Mbuzi hatii sahihi."

Hapo watu waligonga meza. Daktari Mangi alibadilika rangi. Waweza kumwita mtu yule jina lolote, lakini sahihi yake ndiyo roho yake.

"Mimi sitii sahihi? Mimi? Nimetia sahihi madaraja! Nimetia sahihi visima! Nipe karatasi! Yoyote!"

Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa ripoti ya Maimuna, imefunguliwa ukurasa wa mwisho, mahali pa Mwenyekiti. Akaivuta, akatia sahihi ndefu yenye mkia, akakandamiza kalamu mpaka meza ikalia, akaiinua juu watu wote waione.

"Mbuzi gani anaweza hivi?"

Maimuna akaipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. "Ahsante sana, mheshimiwa. Mungu akuzidishie." Nikagonga muhuri palepale kabla wino haujakauka.

Bwana Chome akanyoosha shingo juu ya bega la Maimuna, akasoma kwa sauti maneno yaliyopigwa chapa juu ya ile sahihi: "Nathibitisha kwamba choo kilichotajwa ni changu, na matokeo yote ni ya kweli."

Akatoka, akarudi na chupa ya dawa na ule mpira mrefu wa kunyweshea.

"Bwana Katibu, mshike kichwa vizuri. Hawa hutema."

Nikamshika.