Seva Yenye Adabu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Siku njema. Kampuni iliyokuwa ikitupitishia barua pepe imetukatia huduma asubuhi, na kiwanda kizima cha magodoro kimekuwa bubu. Mauzo wanalia. Stoo wanalia. Mimi nachekelea, kimoyomoyo. Mkurugenzi ametuita sisi wawili wa Kitengo cha Kompyuta, mimi na Shemeji. Anataka seva yetu wenyewe, hapahapa kiwandani, ya kupokea na kutuma barua. Atakayeisimika ndiye Mkuu wa Kitengo. Kiti kiko wazi tangu Mkuu wa zamani astaafu.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Shemeji alisema tu kwamba kazi yenyewe inataka kusoma kwanza. Asome! Huyu ni mdogo wa mke wangu. Kazi nilimtafutia mwenyewe, nikamwombea mwenyewe, na leo tunatazamana meza kwa meza akinitolea macho juu ya miwani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jioni nikampa habari Mama Watoto. Palepale akampigia mama yake: Jumapili chakula kwetu, ndugu wote waje kumpongeza Mkuu mpya. Nikamsikia mama mkwe akiuliza, ni yupi kati ya hao wawili? Mama Watoto akamjibu yeyote, kwani wote si wetu? Sikulipenda jibu hilo.

Jumanne, tarehe 5

Nimeipakua programu yenyewe. Haina dirisha, haina kitufe, wala huioni. Inakaa nyuma ya pazia kutwa kucha, ikingoja barua zibishe hodi. Uzuri wake inakubali vijalizo, yaani vipande vidogo unavyoviandika na kuvipachika, ukaipa tabia uitakayo. Kama nyumba ya kuongezea chumba bila kuomba kibali.

Mwongozo una kurasa mia na ushee. Nimesoma jalada. Mimi nimeshika kompyuta tangu mwandishi wake ananyonya.

Nikaiwasha. Ikafa. Nikaiwasha tena. Ikafa tena, upesi zaidi. Nikalaumu umeme. Fundi umeme akaja na kipimo chake, akasema umeme ni mzima, mgonjwa yuko kwingine, na alikuwa ananitazama mimi. Nikabadilisha waya. Nikaiburura mashine hadi chini ya dirisha ipate hewa. Wapi! Mchana Shemeji akapita nyuma yangu na kikombe cha chai, akainama, akasema kwenye faili la mipangilio kuna mabano nimeyafungua nikasahau kuyafunga. Akayafunga kwa kidole kimoja. Ikawaka. Chai haikumwagika hata tone.

Nikamwambia nilikuwa namjaribu.

Nafika nyumbani, habari za mabano zimeshanitangulia. Mama Watoto akaniuliza kama mlango wa mbele nimeufunga, au nao nauacha wazi. Watoto wakacheka mpaka wakapaliwa.

Jumatano, tarehe 6

Inafanya kazi! Nimejiandikia barua, nikajiuliza u hali gani. Imefika. Nikajijibu sijambo. Imefika nayo. Nimetembea korido nzima mikono nyuma kama mwenye jengo.

Halafu nimeona maajabu. Nilikuwa nachungulia mazungumzo ya seva yetu na seva za watu. Kumbe zikikutana husalimiana kwanza! Mgeni anajitaja, mwenyeji anaitikia, ndipo barua inatolewa. Asiyesalimu anabaki nje. Mashine hizo! Zina adabu kuliko vijana wa Mauzo.

Nikampelekea Mkurugenzi kama kichekesho. Hakucheka. Aligeuza kiti, akatazama nje, akasema hilo ndilo linalomkera miaka yote. Watu wanamwandikia naomba gari, ripoti hii hapa, kana kwamba wanamwandikia punda. Yeye alilelewa akijua barua ni nusu ya kuonana. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli.

Nikatoka nimeshika ufunguo. Shemeji ana mabano, mimi nina moyo wa Mkurugenzi. Nitaandika kijalizo cha adabu.

Alhamisi, tarehe 7

Kimekamilika. Nimekipachika. Kinasoma mstari wa kwanza wa kila barua. Hakuna shikamoo, hakuna habari, hujambo wala salaam? Haipiti! Inarudi kwa mwenyewe na onyo langu: "Barua ni nusu ya kuonana, na waungwana wakionana husalimiana. Rudi usalimie." Akikaidi mara ya pili anaulizwa: "Nani alikulea?" Mara ya tatu barua yake inasambazwa kiwanda kizima iwe funzo, na chini yake: "Mwandishi wa barua hii hana adabu. Msimwige." Hiyo ya tatu nimeipenda mpaka nikaisoma kwa sauti.

Shemeji akauliza, na wateja wa nje je? Nikamwambia adabu haina nje wala ndani. Akauliza, na wakubwa? Nikamwambia wivu hauna dawa. Akasema basi kijaribiwe kwanza kwenye kisanduku kimoja, mwongozo unashauri hivyo. Mwongozo, mwongozo! Si amuoe tu huo mwongozo.

Kufika mchana kiwanda kimenyooka. Mauzo walirudishiwa barua wakapiga kelele, kisha wakanywea, wakaandika shikamoo. Mkurugenzi akaniita nikaone mwenyewe. Kisanduku chake kimejaa shikamoo juu hadi chini, naye anaziitikia marahaba kwa sauti, mojamoja, peke yake ofisini. Katibu muhtasi alidhani ana wageni akaleta viti. Mzee akanishika bega. Akasema kesho nitegemee barua.

Barua! Chakula cha jioni sikukigusa, nilikuwa nimeshiba. Mama Watoto akauliza, na mdogo wake je? Nikamwambia asihofu, nitamlea.

Ijumaa, tarehe 8

Ah! Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilikaa mbele ya mashine na tai shingoni. Nikangoja. Kimya. Katibu muhtasi akapita mbio na glasi ya maji kuelekea kwa Mkurugenzi. Nikangoja tena. Mara barua ikaingia, kwangu na kwa kila mtu kiwandani.

"Kuanzia Jumatatu wewe ni Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta. Kazi nzuri. Mkurugenzi."

Niliruka! Niliikumbatia mashine! Nikamwita Shemeji aje asome kwa miwani yake yote miwili, ya kusomea na ya jua. Akaja, akasoma, akaniwekea mkono begani, akaniambia taratibu nishuke chini kidogo. Nikashuka.

"Mwandishi wa barua hii hana adabu. Msimwige."

Lo! Lo, salaale! Mkubwa haamkii, mkubwa huamkiwa! Kazi yake yeye ni kuitikia! Kaandika moja kwa moja kama baba anavyomwita mtoto, na kijalizo changu kikamrudisha mlangoni. Akadhani ni hitilafu, akaituma tena vilevile. Akaulizwa nani alikulea. Mzee wa watu na mvi zake! Mara ya tatu, nasikia, aliituma makusudi aone kama mashine itathubutu. Ikathubutu.

Nikapanda ngazi mbili mbili kwenda kuomba radhi. Nikamkuta Matroni wa bweni la wauguzi amenitangulia, mteja wetu mkubwa kuliko wote. Jana aliagiza magodoro ya bweni zima. Barua yake ilianza na idadi ya magodoro. Akaulizwa lile swali la malezi, na leo amekuja kulijibu ana kwa ana. Jibu lilisikika mpaka kwa washonaji wa foronya. Alimaliza kwa kusema magodoro atayatafuta kwa watu. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Sikuingia.

Alasiri ikaja barua nyingine kutoka kwa Mkurugenzi. Safari hii ilianza: "Habari za mchana, kijana wangu." Kijalizo kikaipisha bila kinyongo. Mimi nahamia stoo ya sponji. Mkuu wa Kitengo ni Shemeji.

Jumapili, tarehe 10

Chakula kimeliwa kama kilivyopangwa. Mama Watoto hakubadilisha hata sahani moja. Mama mkwe akamwombea dua Mkuu mpya, kisha akaniombea na mimi, na yangu ilikuwa ndefu zaidi. Nilipoomba chumvi, kitinda mimba wangu akaniambia nisalimie kwanza. Meza nzima ikaangua kicheko. Mama Watoto akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akanipa chumvi.

Shemeji peke yake hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alisimulia tu kwamba jana alikwenda nyumbani kwa Matroni, akamwamkia, akaomba radhi kwa niaba ya kiwanda, na magodoro ameyaagiza upya. Kwa miguu yake! Mtu hana mbinu hata moja, na mambo yanamnyookea.

Niliona aibu. Nilikwenda bafuni, nikafungua bomba ili wasinisikie. Nayaandika haya hapa kwa kuwa humu hasomi mtu.

Jumatano, tarehe 13

Stoo. Sponji hadi darini. Kimya kizuri, mtu anapata kufikiri. Nimeigeuzageuza ile Ijumaa na nimeliona kosa. Si langu! Kijalizo kilifanya kazi barabara: barua isiyo na salamu ilikuja, kikaizuia. Kosa ni la ile barua ya alasiri. Ilitanguliza maneno matamu, kijana wangu, kijana wangu, ikapenya na kisu mfukoni. Kinachotakiwa ni kijalizo cha pili, kisichodanganyika na salamu. Kisome mpaka mwisho. Kikikuta habari mbaya, barua irudi ilikotoka.

Nitaanza na neno moja tu. Barua yoyote yenye neno "stoo" isimfikie mtu. Wakishindwa kuniandikia kwamba mimi ni wa stoo, basi mimi si wa stoo. Mkurugenzi mwenyewe atanishukuru.

Shemeji amekiondoa kile cha kwanza, lakini nywila ya seva ni ileile niliyoiweka mimi, jina la dada yake. Hakuwa na moyo wa kuibadilisha. Hapa stoo kuna kompyuta ya kuingizia mizigo, na inafika kwenye seva bila taabu. Yeye yuko kwenye chakula cha mchana. Malori mawili yamesimama nje, madereva wanauliza kama barua za kuwaruhusu kupakia zimefika. Nimewaambia wangoje, nina kazi muhimu.

Nimekwisha kuanza. Mabano nimeyafungua. Kuyafunga nitakumbuka mwishoni.